Wakwe wa kaka yangu walivyotafuna data yangu ya PhD

Wakuu, salamu zenu. Mlio kazini, na mlio kazini lakini mko hapa.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nami nina langu, na kabla mtu hajaandika "hii ni chai", aweke kikombe chini kwanza. Haya yamenipata mimi mwenyewe na kaka yangu akiyasoma atajijua.

Niiteni Kendi. Nyumbani ni upande wa Maua, Meru. Chuo nilikuwa Embu, PhD ya mimea.

Nieleze kwa lugha ya kawaida nilichokuwa nasoma. Mmea una mishipa kama mtu. Kuna ya kupandisha maji kutoka mizizi na kuna ya kushusha chakula kutoka majani. Sasa, kichipukizi kikiwa kichanga kabisa hakina mishipa hiyo, ni laini tu kote. Ukikisubiri kidogo halafu ukikate, unakuta mabomba yameshapangwa vizuri, kila moja mahali pake. Yamejuaje pa kupita? Hilo ndilo lilikuwa swali langu.

Na mmea niliochagua ni miraa.

Chekeni, nitawangoja. Mama akiulizwa kanisani binti yake anasomea nini, alikuwa anajibu "udaktari" na kubadilisha mada haraka sana.

Lakini fikirieni. Ile ncha nyekundu, laini, inayotafunwa, ndiyo hasa mishipa inapoanzia. Sisi watu wa Igembe, huko huko Maua, tumeishika mikononi tangu babu zetu, ila hatujawahi kuichungulia ndani.

Tatizo ni kwamba wazee wa kwetu hawataki kuona mwanamke akikwea mti wa miraa. Nikamwomba Baba mstari mmoja wa miti mifupi nyuma ya jikoni, isiyohitaji kukwewa. Akanipa, japo kwa shingo upande. Majirani akawaambia ni kazi ya serikali ili wasimsumbue kwa maswali.

Ile miti niliilea wakuu. Niliiwekea kivuli, nikaimwagilia kiangazi chote, na kila kichipukizi nikakifunga uzi wa kufumia sweta, rangi tofauti kulingana na umri wake. Kila nikija nilikata vichache, navibeba hadi Embu, navikata vipande vyembamba kwa wembe, natia rangi na kuviweka kwenye microscope. Hatua za mwanzo za mishipa kujipanga nilikuwa nazo zote. Zilizobaki ni za mwisho, na Prof wangu, mama mmoja asiyetabasamu bure, alishaniambia ufadhili unakwisha. Bila hatua za mwisho, hakuna thesis.

Hapo ndipo kaka yangu Mwenda akaamua kuoa.

Kwa wasiojua: kwetu huendi kuomba msichana mikono mitupu. Lazima ubebe ncoolo, kifurushi cha miraa ya heshima kilichofungwa kwenye majani ya ndizi. Wakwe wakikipokea na kukifungua, mazungumzo yameanza. Na hakiwekwi miraa ya kuokoteza. Inatakiwa iliyo bora kabisa shambani.

Siku ya posa nilitoka Embu asubuhi na kukutana na msafara wetu huko huko kwa wakwe, Tigania, kwa hivyo nyumbani sikupitia. Nikavaa leso yangu, nikakaa na akina shangazi, furaha tele.

Ncoolo ikafunguliwa. Mzee wa upande wa msichana akainua kichipukizi kimoja, akakigeuza geuza, akasema kwa sauti, "Kiangazi hii yote, miraa hii mmetoa wapi? Na hata mmeipamba!"

Imepambwa na nini? Na uzi mwekundu wa sweta.

Wakuu, uzi ule ulikuwa wangu.

Baba akajibu huku kifua mbele, "Hiyo imelelewa nyumbani kwangu."

Nikaangalia kifurushi chote. Nyekundu, buluu, njano, zote zilikuwemo. Wazee wakaanza kugawana, wanang'oa uzi, wanautupa sakafuni, wanatafuna. Na mimi dada wa bwana harusi ningesema nini? Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mzee mmoja alinikonyeza, akasema hajawahi kuonja tamu kama ile. Nikamwambia karibu.

Tulikubaliwa, by the way. Mwenda ana mke mzuri sana na sina kinyongo naye.

Nyumbani nilienda moja kwa moja nyuma ya jikoni. Miti ilikuwa vijiti vitupu. Nikamfuata Baba ndani na sikumheshimu sana siku hiyo, nakiri.

"Baba, ile ilikuwa kazi yangu!"

"Miraa ni kitu ya kuchunwa, Kendi. Ulitaka ndugu yako aende na kabichi?"

"Si ungeniuliza?"

"Kitabu chako kinaweza kungoja. Bibi hangoji."

Hilo ndilo lililonichoma, kuliko hata ile miti. Nilijua basi, kwake yeye, nilikuwa naenda Embu kucheza na wembe. Nililia usiku huo kama mtoto.

Prof nilipompigia akasema, "Rudi na chochote kilichobaki." Kwa sauti yake nilijua hatarajii kitu.

Nikabaki nyumbani siku kadhaa nimenuna. Baba akipita huku, mimi napita kule. Lakini kumwagilia niliendelea, sijui kwa nini, labda kwa ukaidi tu. Na siku moja nikiwa nimeinama pale na ndoo, nikaona chini ya mikato macho ya miti yameanza kuvimba. Yale macho madogo yanayolala tu miaka na miaka kama ncha ya juu ipo.

Nikaweka ndoo chini.

Jicho lililolala halina bomba la kulifikisha kwenye shina. Sasa limeamka na linataka maji. Litaunganishwaje? Na ni nani anayechimba, shina au jicho?

Nilikimbia kuchukua wembe.

Nilichokiona Embu kwenye microscope kilinifanya nipige kelele mpaka fundi wa maabara akaja mbio akidhani nimejikata. Jicho ndilo linalochimba! Ni kama boma jipya linalotaka maji ya mradi: wenyewe ndio wanaochimba mtaro kutoka kwao hadi kwenye laini kubwa. Na pale macho mawili yalipoamka kwenye shina moja, lile lililotangulia kujiunga liliendelea kukua, na lile lililochelewa lilisimama hapo hapo, mtaro wake umefika katikati.

Hii ilikuwa kubwa kuliko swali langu la kwanza. Baba alikuwa amekata miti yote siku moja, saa zile zile, kwa mkono wa mtu mmoja, hivyo macho yote yalianza mbio pamoja. Ningeomba ruhusa ya kufanya hivyo asingenipa hata kwa dawa.

Prof aliangalia picha zile kwa muda mrefu sana. Akasema bahati si sayansi, karudie, muda wa ufadhili ataniombea yeye. Lakini alitabasamu, mimi niliona.

Nikarudia Siakago, upande wa Embu, kwenye muguka, ile inayotafunwa majani, maana muguka na miraa ni ndugu. Mama mwenye shamba alicheka sana. "Yaani mimi nichune muguka yangu, nibaki nayo, halafu wewe ndio unasema asante?" Ndiyo mama, asante! Nikarudia tena miti ilipopona kwetu. Matokeo yakawa yale yale, na safari hii kwa mpango.

Siku ya defense Baba alikuja Embu na suti yake ya Krismasi. Hatukuwa tumelizungumzia lile jambo tena. Alikaa nyuma, Kiingereza kikimpita juu, mpaka picha ya mti wa nyuma ya jikoni ilipotokea ukutani. Nikamwona amesogea mbele kwenye kiti.

Mtahini mmoja akaniuliza ni nani aliyebuni wazo la kukata ncha zote kwa pamoja. Nikasema ukweli: baba yangu, alipokuwa akienda kumposea kaka yangu. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali kutoka kwa waliohudhuria. Baba akasimama na kuvua kofia.

"Mimi ndio nilikata hiyo miti," akasema kwa Kiswahili chake. "Na kiangazi inakuja. Nataka huyu aniambie, nikichuna, niache jicho gani?"

Nikamjibu kwa Kimeru, mbele ya maprofesa wote. Acha lile lililoanza kuvimba, Baba, kata juu yake kidogo tu, hilo limeshajiunga na shina.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa na maelezo yake. "Haya. Asante, Daktari."

Mwenyekiti akacheka. "Mzee, bado hatujampa."

"Nyinyi endeleeni na mkutano yenu," Baba akasema akikaa. "Mimi nishampa."

Walikuja kunipa na wao baadaye, na marekebisho madogo ambayo nimeshayamaliza.

Nilichojifunza: ukiharibikiwa na kazi, lia, lakini usiache kumwagilia mpaka uone nini kimebaki. Na watu wa nyumbani waelezeni mnachofanya kwa lugha yao. Mimi nilimfungia Baba nje kwa Kiingereza miaka yote, halafu nikashangaa haoni maana.

Walio kwenye masters na PhD, kazi yenu iliharibiwa na nini? Mbuzi, mvua, shemeji? Mwageni hapa nisijione niko peke yangu. Na wenye mashamba ya miraa wanaotaka kuuliza jicho gani waache, ulizeni, leo Daktari yuko online.