Mtoto Aliyebaki Hockley

Mimi si mtu wa kutoka. Miaka kumi na mitano Birmingham, na mji huu naujua kwa dirisha la sebule yangu hapa Hodge Hill, kituo cha basi, na nyumba za wazee ninaowahudumia kazini. Binti yangu husema nikifa nizikwe pamoja na kochi. Ndiyo maana nilijicheka nilipopewa kazi ya kuandika habari za mwanamke aliyekatiza Amerika kwa miguu akivuta mkokoteni.

Mwenye kazi alikuwa jirani yangu, bibi wa Kiingereza wa miaka themanini na kitu, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu. Nilimwita Mama, kwani ulimi wangu ulikataa katakata kumwita mtu wa umri ule kwa jina. Yeye aliniita "bab", kama watu wa hapa wanavyomwita mtu yeyote ambaye hawajakosana naye.

"Bab," aliniambia kutoka upande wake wa ua, "mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Njoo uniandikie ukoo."

Mwandiko ndio kitu pekee nilichotoka nacho sekondari. Hesabu nilimwachia mwalimu.

Basi akanisimulia. Nyanya wa nyanya yake alikuwa akisugua vifungo vya shaba kwenye karakana moja Hockley, mtaa wa hapa hapa Birmingham. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akaingia dini ya Wamormoni siku zile ikiwa changa, na zamu yake ya kusafiri kwenda Utah, kule Amerika, ikafika: meli kwanza, kisha miguu na mkokoteni. Asubuhi ya kuondoka, bintiye wa miaka miwili akaamka na surua. Dada ya yule mama, ambaye hiyo dini hakuitaka hata kuisikia, akamwambia: nenda, akipona nitamleta. Meli ikaondoka. Mtoto akapona. Hakuna aliyempeleka; yule dada akamlea mwenyewe. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kumzaa nyanya wa jirani yangu.

"Na mama mtu?" niliuliza.

"Alisahau. Ndivyo tulivyoambiwa nyumbani. Alipata mume mwingine na watoto wengine, akasahau."

Alilisema kwa uchungu, kama jambo la juzi. Sasa mtu wa uzao wa hao watoto wengine alikuwa anakuja kutoka Utah na kitabu cha ukoo, na jirani yangu alitaka kujua jambo moja tu kabla hajafa: kama kweli yule mtoto alisahauliwa.

Nilichora ukoo mgongoni mwa karatasi ya ukutani iliyobaki alipopamba chumba. Nilichora kwa bidii, ulimi nje. Jirani yangu akavaa miwani, akaikagua.

"Bab, umempa mtoto mama wawili."

Nilikuwa nimefanya hivyo bila kufikiri. Kwetu dada ya mama ni mama, na aliyekulea haandikwi pembeni kama mpangaji. Nikaomba kifutio. Akasema niache kwanza, mgeni aone.

Mgeni alikuja Jumamosi mchana, mwanamume mrefu wa makamo, mpole, mwenye kipara safi. Nilikuwa nimemchemshia chai ya maziwa, tangawizi na iliki, sufuria nzima, maana ndilo jambo ninalolijua duniani. Akasema kwa adabu nyingi kwamba dini yao hairuhusu chai.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

"Hata ikiwa na maziwa mengi?"

Jirani yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamletea maziwa ya moto yenye iliki, moyo umeniuma kama mtu aliyeposwa akaachwa.

Mgeni akafungua kitabu. Walikuwepo watoto saba wa Utah, kila mmoja na ukurasa wake. Juu yao mstari mmoja mfupi: binti, alizaliwa Birmingham, alikufa mchanga.

"Alikufa?" jirani yangu akasema. "Alikufa hapa hapa mjini, Erdington, akiwa kikongwe, akigombana na daktari! Nyanya yangu alikuwa chumbani."

Mgeni akawa mwekundu mpaka juu. Akaeleza kwamba hakuna aliyeandika hivyo enzi zile. Ni wajukuu waliokisia, kwa sababu binti wa kwanza aliyezaliwa Utah alipewa jina lile lile. Zamani, alisema, mtoto akifa, jina lake lilipewa anayefuata.

Jirani yangu akavua miwani. "Basi hakusahau tu," alisema. "Alimweka mwingine mahali pake."

Ningenyamaza. Mimi niliitwa kwa ajili ya mwandiko tu. Lakini kunyamaza nako nilifeli.

"Mama," nikasema, "kwetu jina halingoji mtu afe. Mimi nina jina la nyanya yangu, na siku niliyopewa yeye alikuwa shambani analima. Unampa mtoto jina la mtu unayempenda, ili ulitaje kutwa."

"Hiyo ni kwenu, bab."

Kweli, ni kwetu. Ikabidi niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nilipokuja nchi hii nilimwacha binti yangu kwa dada yangu Nakuru, miaka minne, mpaka karatasi zake zikapatikana. Jumapili nilimpigia simu. Siku nyingine sita jina lake halikuwa na pa kwenda. Na ukishazoea kuita jina mara hamsini kwa siku, kula, oga, shuka hapo juu, mdomo haujui kuacha. Nikaanza kumwita paka kwa jina hilo.

"Paka gani?"

"Wako, Mama. Yule wa kijivu. Alikuwa akija dirishani kwangu. Namwita jina la binti yangu, namwambia amalize chakula."

Alinitazama sana. "Nilikuwa nasimama mlangoni nikimwita yule paka, haji! Nilimpeleka kupimwa masikio!"

"Samahani, Mama."

"Daktari akaniambia masikio ni mazima."

Mgeni alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Jirani yangu hakucheka. Alikuwa ameweka kidole juu ya jina la yule binti wa Utah.

"Kwa hiyo yule mama alikuwa anasimama uani," alisema polepole, "akiita."

"Sijui, Mama. Sikuwepo. Lakini mimi ningefanya hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, kidole pale pale. Kisha mgeni akaivuta karatasi yangu ya ukutani. "Huyu dada naye mmemwandika kama mama," alisema. "Kitabu chetu kina nafasi ya mama mmoja."

"Basi wabane," jirani yangu akasema. "Wote wawili waingie."

Mgeni akatoa kalamu. Akayakata yale maneno, alikufa mchanga, kwa mstari mmoja ulionyooka. "Niandike nini hapa?"

Jirani yangu akavuta kiti karibu. "Alifanya kazi ya vifungo, kama mamake. Akaolewa na fundi wa kufuli ambaye hakuna aliyempenda ila yeye. Wakahamia Erdington. Wakazaa tisa, na wa tatu alikuwa na nywele nyekundu, hatujui zilitoka wapi..."

"Nyekundu?" Mgeni akagusa kipara chake. "Zangu zilikuwa nyekundu."

"Ziandike basi. Wa nne alikuwa mwimbaji, wa tano..."

"Polepole, tafadhali," akasema mgeni, ameinamia kitabu. "Bado niko kwenye harusi."