Kocha Niliyemtoa Rabai

Mkasa huu nimeukalia muda mrefu, na nisingeuanika leo kama si kwamba mtaa mzima unaujua tayari na kila anayeusimulia anatia chumvi yake (wapo wanaosema nilizimia uwanjani, uongo mtupu, niliketi tu chini), basi ni heri mnicheke kwa niliyoyafanya kweli kuliko kwa ya kuzuliwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, na kibaraza cha duka langu ndicho bunge la mashabiki wa Chewa, timu yetu ya mtaa. Msimu ule kocha wetu alituacha akaenda kufundisha huko Ngomeni, tena alituacha tukiburura mkia, na viongozi wa timu, kwa kuchoshwa na lawama zetu, wakatwambia haya, nyinyi mnaojua kila kitu tafuteni mtu mumlete tumwone. Hapo walikosea wao. Kumpa shabiki kazi ya kutafuta kocha ni sawa na kumkabidhi fisi bucha.

Kazi zikalala, nguo za watu zikabaki na sindano ndani, sisi tunabishana. Mzee Athman, mtu wa mji wa kale ambaye maneno yake yamenyooka kama kanzu yake, alimtaka Muitaliano mmoja mstaafu anayekimbia ufukweni kila asubuhi, kwa hoja kwamba mtu aliyezaliwa nchi ya mpira hata usingizini huota mpira. Mama Dama, mwenyekiti wetu, muuza mahamri na mbaazi (na mwanamke ambaye hata refa humwamkia kwanza), alimtaka Safari, nahodha wetu wa zamani, kwa kuwa ni mtoto wa hapa na wachezaji anawajua mpaka majina ya nyanya zao. Mimi sikuwa na mtu, na katika mjadala wa mpira asiyekuwa na mtu hata chai hupewa mwisho. Ndipo nikajisikia nasema, mbona hamumtaji Mwalimu Nyamawi wa Rabai?

Mzee Athman akavua miwani, akaniuliza kama mtu huyo namfahamu.

Ukweli ni huu. Nilikwenda matangani Rabai, nikachelewa, nikakaa nyuma kabisa, na mbele yangu wazee wawili walikuwa wakimsifu huyo Mwalimu Nyamawi, kwamba aliwaokota vijana waliokuwa hawajui hili wala lile, akawanoa, wakaenda mashindano ya mkoa wakarudi na kikombe, na tena hapayuki, huinua mkono tu wote wakamtazama yeye. Basi. Hata sura yake sikuiona. Lakini macho yote pale kibarazani yalikuwa kwangu, na kwa mara ya kwanza siku zile nilikuwa na mtu.

"Namfahamu sana," nikasema.

Mama Dama akasema kama namfahamu sana nimpigie sasa hivi wamsikie. Nikamsumbua binamu yangu wa Rabai, akanitumia namba bila kuuliza neno (nikimkumbuka kwa hilo bado nakasirika), nikapiga, na kwa kutaka sifa nikaweka simu kwenye spika ili kila mtu asikie ninavyoongea na wakubwa.

Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti nzito ya upole. Nikamweleza kwamba sisi ni Chewa wa Malindi, vijana tunao na moyo wanao, ila mpangilio hakuna, na mashindano ndiyo hayo yamekaribia. Akasema hali hiyo anaijua, kila anakoitwa huikuta, akauliza shida kubwa iko wapi.

"Mbele, Mwalimu," nikamjibu. "Nyuma wanajitahidi, lakini mbele pamepooza kabisa."

"Mbele mmeweka warefu?"

Tukatazamana. Mshambuliaji wetu alikuwa mrefu kama mnazi.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Waondoeni. Mbele mimi huweka wafupi, warefu wakae nyuma."

Mzee Athman akapiga paja lake, akanong'ona kwamba wallahi huo ndio mpira wa kisasa. Mwalimu akauliza habari ya pumzi, nikamwambia kipindi cha pili zinakata, akasema hilo ni jambo la tumbo, atawapa mazoezi. Akauliza kama wanasikilizana au kila mmoja anataka aonekane yeye, na hapo Mama Dama mwenyewe akainamia simu kumwambia ndiyo hiyo baba, umeigusa hasa. Simu ilipokatika, Muitaliano hakuwa na mtetezi tena, Safari amesahauliwa, na mimi naletewa chai ya kwanza.

Tukakubaliana aje Jumamosi asubuhi, siku ya mechi yetu na timu kutoka Junju. Mimi, kwa kuwa shetani hakuwa amemaliza kazi yake, nikamshonea koti la kijani lenye neno KOCHA mgongoni, herufi ambazo ungezisoma ukiwa juu ya mnara wa msikiti.

Alishuka stendi akiwa mzee mwembamba ndani ya suti, viatu vinang'aa, na kwapani amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa leso. Nikamtwalia mzigo wake, nikauona mzito, nikawaza hivi ni vifaa vya mazoezi. Nikamvisha koti. Akalitazama lile neno, akanitazama mimi, akashukuru. (Baadaye aliniambia alidhani huku Malindi watu wa kazi yake ndivyo tunavyowaita.)

Uwanjani umati ulikuwa umejaa, viongozi wa timu wameketi vitini, wachezaji wamejipanga na jezi zao. Mama Dama akamkaribisha kwa maneno machache, vigelegele vikapigwa, nami nikasimama karibu naye kifua mbele kama baba wa bwana harusi. Mwalimu akainua mkono. Wallahi uwanja mzima ulinyamaza, nikawatazama wenzangu kuwaonyesha, mnaona?

"Sauti ya kwanza ni akina nani?" akauliza.

Golikipa, ambaye jezi yake ni namba moja, akasogea mbele kwa wasiwasi.

"Peke yako? Haya. Na sauti ya pili?"

Beki namba mbili akanyoosha mkono. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akaniomba mzigo wake, akaifungua ile leso, na ndani kikatoka kinanda.

Sijui nielezeje. Akili yangu, badala ya kunisaidia, ikawa inarudia ile simu neno kwa neno, wafupi mbele, warefu nyuma, pumzi za tumbo, na kila neno sasa nikiliona limevaa joho la kwaya. Mwalimu akabonyeza kinanda, akamtaka golikipa aitoe sauti ile. Golikipa, mtoto mtiifu, akaitoa.

Hapo ndipo nilipoketi chini.

Kicheko kilianzia kwa vijana wa Junju upande wa pili, kikazunguka uwanja kikaturudia. Mwalimu akageuka, akaiona mipira nyavuni, akaziona njumu miguuni mwa "waimbaji" wake, akaelewa.

"Kijana," akaniambia taratibu, "mimi mpira hata redioni sisikilizi."

Mzee Athman alikuwa ameficha uso kwenye kofia yake, mabega yanatikisika. Nilimwomba Mwalimu radhi pale pale chini, nikamwambia sikuwahi kumfahamu, nilimsikia tu matangani, na nilisema kwa sauti kwa sababu Mama Dama alikuwa amesimama juu yangu mikono kiunoni, na nilijua nisiposema mwenyewe angenisaidia kusema. Mama Dama akamgeukia mgeni wetu.

"Mwalimu, hawa wachezaji waache, Safari atawashika. Lakini mimi nina mashabiki mia wanaoimba kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Hawa utawaweza?"

Mzee yule akatabasamu, akakunja mikono ya lile koti la kijani. Mpaka mechi inaanza alikuwa ametugawa mafungu manne, Mzee Athman kwenye besi, Mama Dama sauti ya kwanza, na nilipofika mimi akanisikiliza mara mbili, akanishika bega, akasema mimi nitapiga makofi.

Tulifungwa mbili bila, lakini tulifungwa kwa sauti nne, na vijana wa Junju baada ya mechi walikuja kuuliza mwalimu wetu tumemtoa wapi. Tangu hapo Mwalimu huja mara kwa mara, hulala kwa Mama Dama na kuandaliwa wali wa nazi, na Safari kidogo kidogo ametutoa mkiani.

Mimi watu huniita Wakala, mpaka wateja. Nimezoea. Ila nimejiapiza: siku hizi mtu akiniuliza kama namfahamu fulani, hata awe jirani yangu wa mlango kwa mlango, nami namuuliza kwanza, anafundisha nini?