Maziko ya Saa Kumi

Ni mwaka wa kumi na mbili sasa nabeba abiria kwa pikipiki kutoka Ukunda, na zaidi ya nusu ya muda huo nimekuwa nikiwafundisha wengine. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Mtu akija stejini kwetu na pikipiki mpya, akionekana hajui aanzie wapi, wenzangu humwambia, "Mwone yule," kisha kidole huelekezwa kwangu. Nami humwomba akae nami kidogo kabla hajawasha chochote.

Somo ambalo kila mtu hulitaka kwanza ni la kupenya. Barabara ya Likoni ikijaa, magari hujipanga safu mbili hata tatu, na abiria huchagua pikipiki kwa sababu hiyo tu. Basi huwaeleza hivi. Ukiwa kati ya safu mbili, usimtazame dereva, tazama gurudumu lake la mbele. Uso wa dereva waweza kukudanganya, na taa ya kuashiria aweza kuisahau, lakini gurudumu haligeuki bila kuonekana. Nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Magari yakianza kwenda kasi kuliko mtu anayekimbia, rudi kwenye safu ujipange kama wenzako. Na malori mawili yakiwa sambamba, usiingie kati yake hata kama nafasi ni ya kupita ng'ombe, kwa sababu dereva wa lori yuko juu, wewe uko chini, na kwake wewe hupo. Kisha huwaambia wasiogope. Ni jambo la kujifunza kama mengine, na sijawahi kumwona mwenye subira likamshinda.

Nina sharti jingine, la simu. Ukiwa kazini, simu huzimwa sauti ikatiwa mfukoni, na haitolewi mpaka uwe umeshuka na umeegesha. Sharti hilo nimelishika mwenyewe miaka yote, ndiyo maana siku aliyofariki mama yangu nilikuwa mtu wa mwisho kujua.

Asubuhi ile nilimpeleka abiria Likoni, na huko abiria wakafuatana, mmoja akishuka mwingine anapanda. Niliitoa simu baada ya swala ya adhuhuri, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za msikiti navaa viatu. Mjomba alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Mjomba ni kaka yake mama, na katika watoto wa nyumba yao ndiye aliyebaki. Yeye huniita mjomba kama nami ninavyomwita, ndiyo desturi yetu.

"Mjomba, uko wapi?"

"Likoni."

"Pole, mjomba. Mama yako ametutoka alfajiri."

Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kama mtu asemavyo.

"Tunamswalia baada ya alasiri, saa kumi, kisha tunamzika. Kaburi linachimbwa sasa hivi. Nimewaambia watu kuwa utaingia wewe."

"Nitaingia."

"Usiponiwahi nitaingia mimi, na haya magoti yangu unayajua. Nikishuka, sipandi."

"Nakuja, mjomba."

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Kwetu Msambweni, kama kwa Waislamu wote wa pwani, maiti hacheleweshwi. Akifa alfajiri, jua likizama awe amekwisha kulazwa. Na akiwa ni mwanamke, wanaoshuka kaburini kumpokea ni maharimu wake, mwanawe au nduguye. Shuka hutandazwa juu ya kaburi, watu wakiwa wameishika pembe zote, na chini yake yule mwanamume humpokea kwa mikono miwili, akamlaza ubavu wa kulia, akaufungua uso wake uelekee kibla. Mama alikuwa na mwana mmoja na kaka mmoja. Mjomba ana mabinti watupu. Watu wema wa mtaani wangekubali kushuka badala yetu, lakini mjomba asingekubali, nami nisingependa.

Nilikagua mafuta. Nilibonyeza magurudumu kwa kidole gumba, la mbele na la nyuma. Nilifunga jaketi mpaka shingoni. Nakumbuka nikiitazama mikono yangu na kuona haitetemeki hata kidogo, nikawaza kwamba hiyo ni heri, maana nina safari ya mbali.

Nilikuwa nimeipita Ngombeni nilipokuta magari yamesimama. Lori la mchanga lilikuwa limekatika ekseli mbele ya Waa, limelala nusu ya barabara, na polisi walikuwa wanaruhusu upande mmoja kisha mwingine. Upande wetu kulikuwa na safu mbili. Nikaingia katikati, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, macho kwenye magurudumu. Nilitazama saa. Nikaongeza mwendo. Dereva mmoja aliyekuwa ametoa kiwiko dirishani akaniambia, "Taratibu, baba, feri iko nyuma yako, unakimbilia nini?"

Kisha nikayaona malori mawili sambamba. Niliyaona vizuri, nikakumbuka ninachowaambia watu, na nikaingia. La kushoto lilianza kusogea nikiwa katikati. Ubavu wake ulipita karibu na bega langu, nikausikia moto wa injini kwenye shavu. Sikuogopa. Nilitoka upande wa pili, usukani ukagonga kioo cha gari dogo kikajikunja, nami nikatokea mbele ya polisi aliyekuwa amenyoosha mkono kutusimamisha. Aliruka pembeni. Nilipokanyaga breki alinyoosha mkono uleule, akachomoa ufunguo.

Alikuwa kijana, mtu wa bara kwa usemi wake.

"Mzee, unataka kuniua?"

"La, afande. Habari za kazi?"

"Wacha habari. Uko na haraka ya wapi?"

"Mama yangu amefariki alfajiri. Anazikwa saa kumi, Msambweni."

Akaitazama saa yake, akanitazama mimi. "Amekufa leo?"

"Leo."

"Na anazikwa leo?"

"Leo, afande."

"Mzee, kwetu hata kuku akichinjwa asubuhi hatumli kabla watu wa mbali wafike. Kamati ya mazishi ilikaa saa ngapi? Nani alichangisha?"

Nikaona kwamba hakujua, na asiyejua huelezwa. Nikaushusha mguu wa kuegeshea, nikamweleza. Nilimweleza kuosha na kukafini, na kwamba wanawake humwosha mwanamke mwenzao. Nilimweleza shuka na pembe zake. Nilimweleza maharimu ni nani na nani, mpaka nikataja kwamba binamu hayumo. Nilisema yote kwa utaratibu, kama ninavyowafundisha watu klachi na gia, na kwa kuwa alinisikiliza bila kunikatiza, nilidhani amenielewa.

"Mimi nilizika baba yangu mwaka jana," akasema. "Wiki mbili nzima sikuweza kuongea sentensi mbili na mtu. Wewe umenipa darasa. Mtu amefiwa haongei hivyo."

Akautia ufunguo wangu kidoleni, akaendelea.

"Siku hizi kila boda nikimshika ako na matanga. Kuna mmoja alizika nyanya yake mara mbili, na mara zote mbili ni mimi nilimshika. Kibali cha mazishi kiko wapi?"

"Kwa mjomba wangu."

"Mpigie."

Nikampigia mjomba. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na mara ya tatu. Mtu aliye makaburini akihimiza wachimbaji hasikii simu. Afande akaniambia niisukume pikipiki kando ya barabara nisubiri, akarudi kuongoza magari. Ufunguo wangu alikuwa ameuning'iniza kwenye kidole.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilijua kabisa ni nini kingenisaidia. Kama ningelia mbele yake, angenipa ufunguo. Nikajaribu. Nilimfikiria mama akiwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, akioshwa, akifunikwa. Nilifikiria kwamba sitamsikia tena akiniuliza kama nimekula. Niliyafikiria hayo moja baada ya jingine, nikayapa muda, na macho yangu yakabaki makavu kama ya mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Nikaacha. Saa ikawa tisa.

Ndipo akatokea mwenzangu mmoja wa stejini, pikipiki yake haina abiria. Huyu alikuwa mpishi wa hoteli Diani, hoteli ilipopunguza watu akanunua pikipiki, akaja kwangu kujifunza akiwa na miaka hamsini. Mpaka leo huniita mwalimu.

"Mwalimu, kuna nini?"

Nikamwambia. Akaivua helmeti yake, akaenda moja kwa moja kwa polisi.

"Afande, haya ni kweli. Huku ndivyo tuzikavyo. Mtu akifa alfajiri, magharibi watu wako kwenye hitima. Ukimweka huyu hapa, atakuta mchanga umesawazishwa."

Polisi akamtazama, akanitazama mimi. Nadhani ni sauti ya mwenzangu iliyomgusa, kwa sababu ilikuwa inapanda na kushuka, na yangu haikuwa.

"Basi mbebe wewe. Pikipiki yake inabaki kituoni. Akimaliza kuzika aje na kibali."

Nikapanda nyuma. Ilikuwa miaka mingi tangu nikae kiti cha abiria, na sikujua pa kuiweka mikono. Mwenzangu akaondoka taratibu. Tulipofika Tiwi barabara ilikuwa inapanuliwa na magari yamebanana tena, akapenya kama nilivyomfundisha, kichwa kimeinama kidogo, macho kwenye magurudumu. Mbele kukawa na malori mawili sambamba. Akasimama nyuma yake.

"Nafasi ipo," nikamwambia.

"Malori, mwalimu."

"Nayaona."

"Ulisema hata kama ni ya kupita ng'ombe."

Tukakaa nyuma ya malori yale, moshi ukitujia usoni, dakika nyingi. Nilikumbuka kwamba mama alikubali kupanda pikipiki yangu mara moja tu maishani mwake. Alikaa upande, miguu pamoja, akafungua mwavuli. Nikamwambia upepo utatuangusha. Akasema jua ni jua hata kama unakwenda mbio. Tulikwenda vile kutoka Msambweni mpaka Mwabungo kwenye harusi, na watu njiani walitupungia mikono. Kisa hicho huwa kinanichekesha. Nyuma ya malori yale kilipita tu kichwani kama kitu nilichosimuliwa.

Baada ya Ukunda njia ilifunguka na mwenzangu aliukaza mwendo, lakini tulipofika makaburini saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Watu walikuwa wameshasimama kulizunguka kaburi, na wawili walikuwa wanaikunja ile shuka. Walinipisha. Niliposogea ukingoni nilimwona mjomba. Alikuwa amesimama kaburini, ukingo umemfika mabegani, kofia imeingia vumbi. Mbao za mwanandani, tundu la ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti, zilikuwa zimekwisha kupangwa miguuni pake, na mama alikuwa nyuma ya mbao hizo.

"Umefika," mjomba akasema.

"Nimefika, mjomba."

"Amelala vizuri. Sasa nitoe mimi."

Nilipiga magoti, nikampitishia mikono makwapani. Mwenzangu mpishi alinishika kiunoni kwa nyuma ili nami nisiingie. Mjomba alijaribu kukanyaga ukuta wa kaburi, mguu ukateleza, akaniegemea kwa uzito wake wote, na haukuwa uzito mkubwa. Tulimvuta. Alipotoka tulibaki tumekaa chini wote wawili, mikono yangu bado iko mgongoni mwake, kanzu yake imejaa udongo mwekundu na jaketi langu pia.

"Nilimwambia uko njiani," akaniambia sikioni.

Kisha nikasimama, nikatupa mchanga mara tatu kama watu wengine, nikapokea jembe lilipofika zamu yangu.

Siku ya tatu nilikwenda kituoni na kibali. Yule polisi alikuwepo. Alikisoma chote, tarehe ya kufa na tarehe ya kuzikwa, akarudia tarehe zile mbili kwa kidole.

"Pole, mzee," akasema. "Uliwahi?"

"Sikuwahi kumpokea. Nilifika akiwa amekwisha kulazwa."

Akakunja kibali polepole kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. Nikamwambia alikuwa anafanya kazi yake, na kwamba nilipita pale nisipopaswa kupita, na hilo ni kweli. Akatoa ufunguo kwenye droo lakini hakunipa mara moja.

"Kitu kimoja nataka kuelewa. Sisi tunakaa wiki mbili. Watu wanakuja, tunaimba, tunalia, tunachoka, ndio tunazika. Sasa nyinyi mnalia saa ngapi?"

Nilifungua kinywa nimweleze. Yapo ya kuelezwa, kwamba machozi hayakatazwi, kwamba kuna siku tatu za kukaa matanga, kwamba mke hukaa eda. Nilikuwa nayo yote tayari. Lakini hakuwa ameuliza hayo.

"Sijui, afande," nikamwambia.

Akaniwekea ufunguo mkononi.

Nikaishika barabara ya kurudi Ukunda. Lile lori la mchanga lilikuwa limeondolewa, lakini magari yalikuwa yanakwenda polepole, safu mbili, na katikati kulikuwa na nafasi nzuri ya kupita. Nilijipanga nyuma ya lori la mawe. Aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi nipenye, akapiga tena, na pikipiki nyingine zikanipita kushoto na kulia. Nilibaki nikilitazama gurudumu la lile lori mpaka Ukunda.