Dizeli ya Barabara Isiyo Kwenye Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya kampuni ya barabara hapa Kitale, msimamizi wa mafuta alinikabidhi kijiti kirefu cha chuma chenye alama. "Mama Rukia, lori la dizeli likija, pima tangi. Likiondoka, pima tena. Dereva akikuapia, bado pima." Nilikuwa nimetoka mtaa wa Tuwan kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshaanza kumshuku kila mtu.

Tulijenga barabara za msituni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, za kutolea miti iliyopandwa. Kazi yangu ilikuwa kujua kila mashine imekunywa lita ngapi kwa kilomita. Mwanzoni ilikuwa kuzuia wizi tu. Baadaye wafadhili walimleta afisa wa mazingira, binti mpole aitwaye Chebet. Ndiye aliyenieleza kwamba dizeli ikichomwa haipotei. Inaungana na hewa, inakuwa gesi ya kaboni inayopanda angani, na ukiipima yote inazidi uzito wa dizeli yenyewe.

"Ukinidanganya lita," aliniambia, "umenidanganya moshi."

Msimu mmoja wa mvua, tingatinga la Barasa lilianza kunywa karibu maradufu. Barasa alikuwa mtu wa Mabanga, kule Bungoma, mkimya. Moyoni nikakata shauri kwamba anauza dizeli Suam, mpakani. Nikamuuliza mbele ya wenzake, "Barasa, dizeli yangu inaenda wapi?"

Aliweka kikombe chini. "Ati mimi ni mwizi? Kuja uangarie saa ya injini, mama. Si inahesabu yenyewe?"

Saa hiyo huonyesha injini imefanya kazi kwa muda gani. Niliisoma, nikapiga hesabu mara mbili. Dizeli yote ilikuwa imechomwa mle mle. Lakini barabara iliyoongezeka ilikuwa fupi mno. Niliona haya, ila shaka haikuniacha.

"Basi umechimba wapi?"

Akatazama matope. "Meneja alisema ni njia ya kuchukua mawe. Mimi naendesha tu, bana."

Kesho yake nilipanda na lori la dizeli hadi vilipoishia vigingi vya wapima ardhi, nikafuata alama za minyororo ya tingatinga kwa miguu. Mawe hayakuwepo. Kulikuwa na barabara pana, nyekundu, ndani ya msitu wa asili, na visiki vya miti ya podo ambavyo bado vilitoa utomvu. Miti ile hakuna mtu aliyeipanda.

Meneja wa mradi aliniita ofisini. Hakufoka. Alinimiminia chai kwa mkono wake, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Andika mashine ilikuwa inanguruma tu, ikingoja mvua iishe."

"Na saa ya injini?"

"Saa huharibika, Mama Rukia."

Nilimaliza chai, nikaficha daftari langu la lita chini ya buibui, nikampelekea Chebet.

Kazi ilisimamishwa. Meneja alihamishiwa mradi mwingine. Barasa alifutwa kazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilipelekwa yadi ya Bungoma, kuhesabu magurudumu.

Nilikwenda Mabanga, nikamkuta Barasa akipalilia maharagwe.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa kusema ukweri?"

"Kwa kuanza na wewe."

Nilichukua jembe lililokuwa kando, tukamaliza mstari ule pamoja.

Sasa nimestaafu. Majuzi Chebet alinitumia ripoti ya mwisho kwa simu. Kilomita zipo, lita zipo, kaboni ipo. Barabara ile haipo. Wakubwa wake walisema haikuwa sehemu ya mradi. Kwa hiyo moshi wake, kwa karatasi, haukutoka.

Ninyi mnaopima leo kwa vyombo vya kisasa, pimeni. Ila mimi miaka yote nilimshuku kila aliyegusa dizeli, na mtu aliyeagiza ichomwe kwenye msitu ule hakuwahi hata kuchafua mkono.