Mtu Aliyegongwa na Gari la Jasusi

Banda la video lililoko nyuma ya soko la Makambako limejengwa kwa mabanzi ya miti ya misindano. Upepo hupita kwenye nyufa, na watu hukaa ndani wamevaa makoti hata saa nane mchana. Jumapili, kabla ya mpira kuanza, mwenye banda huweka filamu. Kuna kipindi aliirudia filamu moja ya jasusi Jumapili baada ya Jumapili, ile iliyotafsiriwa na mmoja wa watafsiri wa mjini ambao huongea Kiswahili juu ya sauti za Wazungu na kuongeza mzaha wao. Aliirudia kwa sababu watu waliitaka, nao waliitaka ili waibishie.

Jasusi anaruka kutoka kwenye helikopta, anatua juu ya treni inayokimbia, anasimama, anafunga kifungo cha koti.

"Suti haina hata vumbi!"

"Hiyo suti amezaliwa nayo."

Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye pale alikuwa hakimu wa filamu zote, alikuwa akisimama kila mara kwenye kipande hicho. "Jamani, mimi nilianguka na pikipiki pale njia panda, mwendo wa kawaida kabisa, nikalala wiki nzima. Huyu katoka mawinguni anafunga kifungo!"

"Wewe huna mafunzo."

"Mafunzo ya kuanguka?"

"Ndiyo. Serikali yao inawafundisha. Kaa chini, unatuziba."

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Siku za kazi napakia viazi kwenye ghala, na kazi ile haihitaji maneno. Kusema mbele ya watu hunikausha koo tangu nikiwa shule ya msingi. Lakini nilipenda kuwasikiliza. Walivyobishana, nilijiona kama nami nimesema.

Katikati ya filamu jasusi anapita na gari ndani ya soko. Ni soko la watu weusi, nchi haitajwi. Nyanya zinaruka, kuku wanaruka, watu wanakimbia. Mbele ya gari anatokea mtu aliyebeba zulia lililoviringishwa, bega la kushoto, shingo ameilaza kulia kabisa kama anayesikiliza kitu. Gari linamgonga. Zulia linapaa. Hapo mtafsiri husema, "Samahani mjomba, umesimama kwenye njia ya serikali!" na banda zima hucheka.

Mara ya kwanza nilicheka na wenzangu. Mara ya pili niliiona shingo.

Kaka yangu alibeba magogo Matembwe kabla hajaondoka. Bega la kulia liliumia mapema, akawa anabebea la kushoto tu, na shingo yake ikazoea kulala upande wa pili. Hata akibeba ndoo tupu aliilaza hivyo. Kisha akaenda Afrika Kusini, Bondeni kama vijana wanavyopaita. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu ikawa haipatikani. Siku moja ikapatikana, akapokea mwanamke aliyesema lugha tusiyoijua, akakata.

Nyumbani kwetu Kichiwa, baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alitaka tufanye ibada ya kumuaga. Alisema miaka imetosha, mtu hawezi kubaki bila kuitwa hai wala marehemu. Mama alikataa. Kila walipokaa kulizungumza alijibu neno hilohilo: "Nani amemwona amekufa? Nileteeni huyo aliyemwona."

Kwa hiyo nilipoiona ile shingo sikulala vizuri. Jumapili iliyofuata nilikaa karibu na yule dereva wa bodaboda, kwa kuwa alisoma darasa moja na kaka. Soko lilipokaribia nikamgusa mkono.

"Hebu mwangalie mwenye zulia. Shingo."

Aliangalia. Hakucheka. Alisimama akamwambia mwenye banda arudishe nyuma, na alipomtaja kaka kwa jina, banda zima likawa na maoni.

"Ni yeye."

"Siyo. Yule alikuwa mweusi zaidi."

"Kule hakuna jua la shambani, mtu anatakata."

"Yule alikuwa mrefu, bwana."

"Kwenye TV watu wanafupishwa."

"Kama yumo kwenye filamu, angekosa nauli ya kurudi kwao?"

"Hao wa nyuma unadhani wanapewa nini? Wanapewa soda."

Kijana mmoja akauliza, "Sasa kama ni yeye, amekufa au hajafa?"

"Kwenye filamu hafi mtu," akasema dereva.

"Mbona hajainuka?"

"Kamera imeshaondoka, utajuaje?"

Kuanzia siku hiyo swali hilo lilinifuata ghalani. Kila mpagazi aliyepita na gunia begani nilimtazama shingo kabla ya uso. Usiku niliota gari likija, na katika ndoto nilikuwa na sauti, lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi.

Ghala liliponituma Njombe na mzigo, niliingia katika duka moja linaloingiza filamu kwenye simu. Niliomba ile filamu bila mtafsiri. Nilitaka kusikia kama yule mtu alilia. Kijana wa duka aliitafuta kwenye kompyuta yake, akaifikisha sokoni. Chini ya ule mzaha wa mtafsiri, kumbe hakukuwa na kilio. Kulikuwa na muziki tu.

Nikamwomba asimamishe picha na kuukuza uso. Akaukuza. Ukawa vipande vya mraba, vya kahawia na kijivu. Kadiri alivyouleta karibu ndivyo mtu alivyopotea.

"Usimhurumie, mdogo wangu," alisema. "Hao wamesomea kuanguka. Wanaangukia godoro."

"Godoro liko wapi?"

"Godoro halionyeshwi."

Sikumwambia mama. Lakini dereva wa bodaboda hubeba abiria mpaka vijiji vyetu, naye hajui kukaa na habari. Jumapili moja, filamu haijaanza, mlango wa banda ulifunguliwa akaingia mama amevaa nguo zake za kanisani. Wanaume walivua kofia. Mwenye banda aliinuka.

"Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kibena.

"Kamwene. Nimesikia mnaye mwanangu humu."

Dereva alimpisha kwenye benchi la mbele, nami nikatoka nyuma nikakaa kando yake. Mwenye banda alitaka kuipeleka filamu moja kwa moja mpaka sokoni, lakini mama alikataa. "Anzeni mwanzo. Nijue alikuwa katika mambo gani."

Jasusi alianguka kutoka kwenye helikopta, akafunga kifungo chake, na hakuna aliyembishia. Filamu ikaonekana ndefu na ya ajabu, kama wendawazimu. Watu walilipuka, majengo yalianguka, na mama aliketi ameshika mkoba wake magotini. Mara moja tu alinong'ona kwangu, "Huyu hana mtu anayemngoja nyumbani?"

Soko likaja. Mwenye banda alisahau kupunguza sauti. "Samahani mjomba, umesimama kwenye njia ya serikali!" Mmoja alicheka kwa mazoea, akakatiza kicheko katikati. Nilimtazama mama. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa amesogea mbele kidogo, akisubiri.

Aliendelea kusubiri. Jasusi alifika hotelini, akanywa, akabadilisha suti. Alipigana tena, akashinda, akambusu mwanamke kwenye boti. Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo mama aligeuka.

"Mbona hawakurudi kumwangalia?"

Dereva alijikuna kichwa. "Mama, filamu inamfuata mkubwa."

"Hata mmoja? Hata wale wauza nyanya waliokuwa naye?"

"Ndivyo zilivyo, mama. Wa nyuma hawarudiwi."

"Mama," nikasema mbele ya wote, "ni yeye?"

"Hebu rudisha," alimwambia mwenye banda. Akarudisha. Mama alisimama, akaenda karibu na TV mpaka mwanga wake ukamgeuza buluu usoni. Mtu alitokea na zulia lake, akalaza shingo, akagongwa. "Tena," akasema mama. Akagongwa tena.

"Siyo yeye," alisema. "Huyu ana mama yake." Akawashukuru, akatoka.

Nilimsindikiza kwenda kupanda gari la kurudi. Upepo ulikuwa mkali, na alijifunika kitenge mpaka mdomoni. Tulipofika barabarani akasema, "Mwambie baba yako mkubwa tufanye ile ibada."

Nilishangaa. "Lakini umesema siyo yeye."

"Siyo yeye. Lakini nimeona inavyokuwa mtu akianguka ugenini."

Ibada ilifanyika Kichiwa baada ya viazi kuvunwa. Kwaya iliimba, mchungaji akalitaja jina lake pamoja na neno marehemu, na mama hakulia mpaka aliposikia neno hilo. Hakukuwa na jeneza wala kaburi. Watu hawakujua wasimame wakielekea wapi, wakamwelekea mama. Dereva wa bodaboda alikuja, akasaidia kukata kuni, na siku nzima hakutoa maoni juu ya jambo lolote.

Sijui kama mama alisema kweli pale bandani. Kuna siku naamini mama hawezi kumkosea mwanawe. Kuna siku naona alimtambua tangu mara ya kwanza, na akamkana ili watu wale wasiendelee kumrudisha na kumgonga kila Jumapili. Mwenye banda aliifuta ile filamu bila kuombwa. Bado ninaiona.

Baada ya ibada nguo za kaka ziligawiwa. Mimi nilipewa koti jeusi, aliloliacha kwa kuwa aliambiwa anakokwenda kuna joto. Linanienea. Mara ya kwanza nilipokwenda nalo nyumbani kulikuwa na ukungu, na mama alikuwa anatoka kisimani. Aliniona kwa mbali nikipanda kilima. Aliitua ndoo chini, akasimama, na mimi kwa aibu yangu nikaendelea kuja bila kusema neno, mpaka nikafika karibu nikauona uso wake ukibadilika.

Sasa nikifika kwenye kona ya chini, kabla sijaonekana, naanza kuita. Naita kwa sauti kubwa mpaka majirani wanatoka. Nasema ni mimi, mama, ni mimi mdogo, nakuja.