Nilivyotangulia majaribio ya basketball ili mdogo wangu aende Ubelgiji

Wakuu, hamjambo wote mliomo humu.

Haya ninayoandika yalitokea. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ilikuwa Kisumu, miaka ya sabini. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaacha shule, nikaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga kule Ahero na kuwalea wadogo zangu wawili, Odhiambo na Akinyi.

Odhiambo alirefuka. Mimi sikurefuka. Kila sahani niliyomsogezea ilikwenda juu, na nilipokuja kushtuka, nilikuwa namfikia kwapani.

Urefu huo ulimpatia kazi mjini, kwenye kampuni iliyokuwa na team ya basketball. Hapa kwetu ulicheza jioni, asubuhi ukarudi kubeba magunia. Lakini wachezaji wazuri walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja kwenda klabu za ng'ambo, ambako mtu alilipwa kwa kucheza tu.

Siku moja coach wao akamwambia kuna Mzungu wa klabu ya Ubelgiji anapita Kisumu. Atamtazama Jumamosi mchana, jioni apande treni ya Nairobi. Akimpenda, amchukue. Asipompenda, basi. Hakuna Mzungu mwingine aliyekuwa njiani.

Tukaenda kumwambia Baba Mdogo, maana ndiye aliyebaki kuwa mzee wetu.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani ataanza?"

"Kuanza nini, Baba Mdogo?"

"Kujaribiwa."

Nikamwambia aliyeitwa ni Odhiambo peke yake.

"Na wewe ukiwa hai?"

Kwa wasiotujua sisi Wajaluo: kwetu mkubwa ndiye huanza. Kuoa, kujenga, hata kupanda mbegu msimu ukifika. Mdogo akimruka kaka yake, mabaya humwandama. Mambo ya basketball hayakuwahi kutajwa na wazee, lakini Baba Mdogo hakuona tofauti kati ya mbegu na mpira.

Tulipotoka nje nikasema huyu mzee anatupotezea wakati. Odhiambo akatikisa kichwa huko juu kwake.

"Bila neno lake sipandi ndege, owadwa, kaka yangu. Utaanza wewe. Rusha mara moja tu, ukakae."

Nikakubali kwa ajili yake. Hapo, wakuu, nilikuwa bado na akili.

Akili ilianza kunitoka siku iliyofuata, shambani. Kazi yangu ilikuwa kurusha vifurushi vya miche ya mpunga. Wanawake wanaopanda huwa katikati ya maji, wewe uko kwenye tuta, na kila mmoja lazima umwangushie kifurushi mkononi mwake bila kumrushia tope usoni. Kazi hiyo niliijua. Nikarusha kimoja, kikatua sawasawa, nikajiuliza: sasa basketball ni nini zaidi ya hii?

Kufika Ijumaa nilikuwa nimeshaamua kwamba huenda yule Mzungu akaona kitu. Nikamdokeza msimamizi aanze kutafuta mtu mwingine. Nikamuuliza Mama Atieno, kiongozi wa wapandaji, angependa nimletee nini kutoka Ubelgiji.

"Niletee gumboot," akasema. "Zako zimetoboka."

Jumamosi tukafika uwanjani. Ulikuwa wa saruji, kando ya barabara, na ng'ambo ya ukuta akina mama walikuwa wakiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mabeseni. Baba Mdogo alikuja na koti lake la mazishi, akakaa mbele kabisa. Mimi nilikuwa nimevaa raba kuukuu za Odhiambo, ndani nimeshindilia majani ya mpunga ili zisinivuke.

Mzungu akamtazama Odhiambo juu mpaka chini, akatabasamu. Kisha akaona ninayekuja na mpira ni mimi. Tabasamu likaisha.

Nikaanza kukimbia. Raba ya kushoto ikabaki nyuma. Sikusimama, nikasema moyoni wachezaji wakubwa hawasimami. Nikaushika mpira kwa mikono miwili, chini, kama kifurushi cha miche, nikarusha kwa nguvu zangu zote.

Mpira ukapita juu ya kikapu. Ukapita juu ya ubao. Ukapita juu ya ukuta. Tukasikia kishindo, halafu sauti ya mama:

"Yaye! Nani amenunua hii omena yote?"

Team nzima ikalala chini kwa kicheko. Mzungu hakucheka. Alidhani anafanyiwa mzaha. Akatazama saa, akaanza kufunga begi lake.

Na Odhiambo? Ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anamtazama Baba Mdogo. Hainuki.

Na mimi? Wakuu, aibu hii siwezi kuificha. Niliinua kidole, nikaomba kurudia.

"Toka hapo!" Baba Mdogo akafoka. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kama yuko barazani: "Mkubwa ametangulia. Sasa mdogo aende."

Coach akamkimbilia Mzungu, akamshika mkono, akamweleza kwa Kiingereza ambacho darasa langu la sita halikukifikia. Sijui alisema nini, ila Mzungu alinitazama, akamtazama Baba Mdogo, kisha akaliweka begi chini.

Nikaenda mwenyewe kuuomba mpira kwa yule mama. Nikatukanwa nilivyostahili. Nikarudi na mguu mmoja wa raba na mpira unaonuka samaki, nikamrushia Odhiambo. Ndiyo pasi pekee niliyowahi kutoa maishani, na ilimfika mkononi.

Hayo mengine hayahitaji maelezo. Mdogo wangu alikuwa anacheza kama vile uwanja ni nyumbani kwake. Alichukuliwa.

Jumatatu nilirudi kwenye tuta. Wanawake wakaacha kupanda, wakajipanga ndani ya maji kunipokea.

"Karibu kutoka Ulaya, bwana! Ndege ilikuwaje?"

"Gumboot zangu ziko wapi?"

Walinisalimu hivyo msimu mzima.

Odhiambo alipokuja likizo ya kwanza, alileta gumboot. Jozi mbili, moja ya Mama Atieno. Akanieleza pia jambo alilokuwa akilifanya huko. Kabla ya kila mechi, wenzake wakipasha mwili, yeye alikuwa anachukua mpira, anaushika chini kwa mikono miwili, anaurusha vibaya kabisa, mpaka juu ya ubao. Mara moja tu. Ndipo anaanza kucheza.

Wabelgiji walidhani ni dawa ya Kiafrika.

"Nawe unawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nawaambia ni kaka yangu huyo. Lazima aanze yeye."

Nilichojifunza ni kwamba kutangulia si lazima ufike. Mimi nilitangulia mpaka kwenye beseni la omena, na njia ikafunguka.

Sasa first born mliomo humu, semeni ukweli: ni aibu gani mlitangulia kuivaa ili wadogo zenu wapite? Na wadogo, msicheke sana. Andikeni mlichorushiwa.