Jembe la Posa

Kwetu Njombe, ndoa ilifungwa kwa jembe na kwa jembe ikavunjwa. Mwanamume akija kuposa, alimletea baba wa binti jembe jipya. Ndoa ikivunjika, jembe lilirudishwa mbele ya wazee wa baraza. Mume akilipokea mkononi, basi, kila mtu alishika njia yake. Jirani yetu aliachana hivyo na mkewe asubuhi moja, wakaagana kwa heri, nami nikadhani talaka ni jambo jepesi.

Mama yangu hakuupata wepesi huo. Alikimbia kipigo cha baba kule Makambako akinivuta mkono, tukahamia Njombe kwa babu, baba yake. Babu akaliteremsha jembe kutoka darini.

Barazani babu alimsalimu mkwewe, "Kamwene," akamnyooshea jembe. Baba aliiacha mikono yake ndani ya koti.

"Simwachi," alisema. "Huyu ni mke wangu."

Shauri likaahirishwa. Tukavuna mahindi, tukarudi, na mikono bado ilikuwa kotini. Ungedhani mtu yule hana mikono kabisa, ilhali mgongo wa mama uliijua vizuri. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Mara ya mwisho wazee walichoka. Walisema jembe lisipopokewa siku hiyo, mama arudi Makambako kwa mumewe. Kisha mkubwa wao akamuuliza baba anataka nini hasa.

Baba alinitazama mimi. "Mtoto abaki kwangu. Hapo nitalipokea."

Babu alitikisa kichwa. "Usikubali, mwanangu."

"Nikirudi kule ataniua, baba," mama alisema. "Mtoto huyu hajawahi kumpiga."

Alilichukua jembe mikononi mwa babu, akampelekea mumewe mwenyewe, bila kunitazama. Baba akatoa mikono kotini. Mmoja ulishika mpini, wa pili ukanishika mimi.

Karani alitangaza kwamba wameachana kwa kukubaliana na hakuna ubishi tena. Wazee walishukuru, wakatoka nje kuota jua, maana baridi ilikuwa kali. Nililia kwa nguvu zangu zote, lakini kilio cha mtoto hakikuhesabiwa kuwa ubishi.

Jembe lile tulirudi nalo Makambako. Nililimia mahindi ya baba mpaka siku nilipoolewa.